Aliyekwangua Nta

Nyumba ya Baraza, chumba cha makatibu
Siku ya nne ya Mwezi Mdogo

Dada,

Sikuulizi habari, maana habari zako ninazo mezani. Asubuhi hii mkaguzi wa milango ameniletea ripoti za mtaa ninakili, na mojawapo ilikuwa na anwani ya nyumba niliyozaliwa. Nikadhani macho yananidanganya. Nikasoma tena. "Mlango wa Mgeni: wazi. Nta imekwanguliwa. Mwenye nyumba anasema ni yeye."

Wazi, Dada! Si ufa, ni wazi. Mkaguzi anasema mlango ulikuwa umesukumwa hadi ukutani, umezuiwa kwa tofali, na wewe uko ndani unapiga randa kana kwamba hakuna kilichotokea. Alipokuuliza kama unajua unachofanya, ulimwambia aangalie asikanyage maranda.

Hasira zako nazijua, kwa hiyo naandika polepole. Kila nyumba katika nchi hii ina milango miwili, mmoja ni wetu na mmoja ni wa Mgeni. Wetu tunaufungua tukitaka. Wa Mgeni umezibwa kwa nta, haufunguliwi mpaka Baraza la Wangojao litangaze kwamba amefika. Wewe ndiye uliyenifundisha maneno hayo, ukinifinya sikio kila nilipokosea. Sasa na mimi nikukumbushe yale ambayo hatukufundishwa utotoni. Mkono uliokwangua nta hutolewa mjini. Mtu huyo hutoka kwa mlango uleule alioufungua, na nyuma yake mafundi wa Baraza hupaka chokaa nyeupe, ile ambayo ikishakauka haivunjwi kwa nyundo wala kwa tindo. Harudi tena. Hata kuzikwa harudi.

Hao Waitikao wamekuingia lini? Usijitie hamnazo, unajua ninaowasema. Wale wanaodai kwamba Mgeni ameshafika, kwamba anabisha hodi kila siku, na kwamba hakuna haja ya Baraza kumtangazia mtu kitu. Mwaka jana walitolewa watu wa kutosha. Hukumu zao niliziandika mimi.

Nimekuwekea karatasi ya toba ndani ya bahasha hii. Ni sentensi mbili tu: umeteleza, unaomba radhi. Funga mlango, mkaguzi ataweka nta mpya, yaishe. Baraza linakaa siku ya kumi na mbili. Kama huwezi kufanya kwa ajili yako, fanya kwa ajili ya Mama. Wewe ukitolewa, yeye atabaki na nani? Mimi nalala katika chumba cha makatibu ambacho hata paka haruhusiwi kuingia.

Mwambie namkumbuka. Kila barua unaniambia "Mama hajambo" halafu unaingia kwenye habari za mbao. Hebu siku moja nieleze zaidi.

Mdogo wako,
Katibu wa Pili wa Baraza


Nyumbani
Siku ya sita ya Mwezi Mdogo

We Chiriku,

"Katibu wa Pili wa Baraza!" Ala! Kwa mimi, niliyekufuta kamasi? Ukiniandikia tena tia sahihi ya jina la nyumbani, la sivyo barua yako nitaichemshia gundi.

Karatasi ya toba imefika. Ni karatasi nzito, nzuri. Nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba, na sasa hauyumbi. Asante.

Ndiyo, ni mimi. Nimekwangua nta, nimefungua mlango, nimeweka tofali. Andika hivyo, piga mhuri, ulale usingizi. Hao Waitikao siwajui, na wakija hapa watanikuta na kazi. Bi harusi wa mtaa wa pili anataka meza yake kabla ya mwezi kuisha.

Ila hebu nikuulize wewe mtu wa vitabu. Tunamngoja Mgeni. Tunamwekea mlango. Tunamwekea kiti mezani, na Baba alikufa hajawahi kukikalia hata mgongo ulipomtesa. Kisha mlango wenyewe tunaumiminia nta kutoka juu hadi chini, tunaugonga mhuri, na tunaajiri mtu wa kuja kuangalia kama bado umeziba. Mwenzangu, huko ni kumngoja au ni kumfungia nje? Mimi nikija kwako nikakuta hivyo, nageuza njia nakwenda zangu.

Nikusimulie ilivyokuwa. Ilikuwa alasiri, napiga msasa, vumbi hadi kwenye kope. Pakabishwa hodi. Si kwenye mlango wetu. Na haikuwa hodi ya kutisha wala ya mzimu, ilikuwa hodi ya mtu mwenye adabu zake anayejua wenyewe wapo. Nta ikakwanguliwa, mlango ukafunguliwa. Nje hapakuwa na mtu. Kichochoro tu, ukuta wa jirani, ndoo, shuka kwenye kamba. Nilitaka kucheka. Lakini Mama alisema, "Karibu ndani," akajisogeza pembeni kumpisha mtu.

Sasa sikiliza, maana hili sitalisema mara mbili. Umewahi kuwa peke yako chumbani, umeinama kwenye kazi, mtu akaingia nyuma yako bila kusema neno, na mgongo wako ukajua? Ndivyo. Hapakuwa na sauti, hapakuwa na mwanga, hapakuwa na chochote cha kupeleka barazani. Tulikuwa wawili tukawa watatu, basi. Nililia na msasa mkononi, mimi, ambaye kwenye mazishi ya Baba watu walinisema kwamba moyo wangu ni wa mninga.

Hali hiyo haiji kila siku, sikudanganyi. Siku nyingine mlango uko wazi na kinachoingia ni upepo na nzi. Lakini Mama anasema kwake haijaondoka. Anaimba, Chiriku! Tangu Baba afe hakuimba, na sasa ananiimbia asubuhi mpaka namwomba apumzike.

Unataka niufunge huo mlango? Siufungi. Waje wanitoe. Nina mikono, nina misumeno, mbao ziko kila mahali.

Mama hajambo. Anakusalimu.

Dada yako


Nyumba ya Baraza
Siku ya kumi ya Mwezi Mdogo

Dada,

Tazama chini, nimetia sahihi ya nyumbani. Furahi.

Umeniuliza ni kumngoja au kumfungia nje. Nitakujibu, kwa sababu unaniona kama kasuku anayerudia aliyofundishwa. Zamani milango hii ilikuwa wazi, na kila mtaa ukawa na Mgeni wake. Mgeni wa wafinyanzi aliwaambia kwamba maji ya watia rangi yana laana. Mgeni wa watia rangi akawaambia wao wavunje tanuri za wafinyanzi. Watu walichinjana, Dada, kwa ajili ya wageni ambao hakuna aliyewaona kwa macho. Kumbukumbu ziko hapa chini na nimezisoma. Nta haikuletwa na watu wanaomchukia Mgeni. Ililetwa na wazazi waliotoka makaburini kuzika watoto wao, wakakaa chini wakasema: hadi tusikie hodi moja sote kwa pamoja, hakuna atakayefungua. Hao ndio Baraza la kwanza.

Wewe umelia na msasa mkononi. Sawa, nakuamini, hujawahi kunidanganya. Lakini kesho atalia jirani yako, na Mgeni wake atamwambia wewe ni mchawi. Nani atamwambia amekosea? Nipe jibu la hilo na mimi nitakuja kukusaidia kushika tofali.

Basi, tuache hayo. Nina habari njema na kalamu inaruka yenyewe!

Niliisoma upya ripoti ya mkaguzi, mstari kwa mstari. Anaandika kwamba alama za kukwangua zinaanzia kizingitini na zinaishia kwenye kimo cha mkanda wa mtu mzima. Juu ya hapo nta haikuguswa, imechanika tu mlango uliposukumwa. Na alama zenyewe ni za kisu butu cha mkate. Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakanigeukia. Wewe, mrefu kama nguzo, mwenye ukuta mzima wa patasi, upige magoti ukwangue nta kwa kisu cha mkate? Na tena uchoke katikati? Thubutu!

Aliyekwangua ni mtu wa kimo cha chini. Ni mtoto wa kichochoroni aliyekuwa akicheza, na wewe umejibebesha kosa lake kwa sababu ndivyo ulivyo. Lakini hukujua sheria: mtoto hana hatia. Hakuna atakayetolewa! Nimeandika hoja hiyo na nimeipeleka mwenyewe kwa Mngoja Mkuu. Ameisoma mbele yangu, amenisifu mbele ya watu, na pembeni ameandika kwa mkono wake: "Mwenye nyumba aondolewe shitaka. Atafutwe aliyekwangua kutoka chini."

Mkaguzi atafika kwenu kesho kuuliza. Mwambie ukweli tu. Usinishukuru, niandalie chai nitakapokuja.

Chiriku


Nyumbani
Siku ya kumi na moja, jioni

Chiriku,

Mjinga wewe. Umesoma kote huko ukarudi na ujinga wako mzima mzima.

Nani katika nyumba hii anafanya mambo yake kutoka chini? Hujiulizi? Mama hasimami! Tangu mwaka juzi hasimami. Miguu ilivimba, ikapona, ikavimba, kisha ikakataa kabisa. Nimemtengenezea kigoda chenye magurudumu, ndicho anachozungukia jikoni. Sikukuambia kwa sababu aliniapisha. Alisema ukijua utatupa kalamu uje kukaa miguuni pake, na yeye anataka mtoto wake awe mtu. Kwa hiyo nilikuandikia "Mama hajambo", na wewe ukaridhika, na mimi nikakasirika kwa kuwa umeridhika. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Yeye ndiye aliyesikia hodi. Mimi sikusikia kitu. Aliniambia, "Fungua, kuna mtu." Nikamwambia, Mama, ule ni mlango wa Mgeni. Akasema, "Najua ni wa nani. Fungua." Nikaendelea kupiga msasa! Nilipogeuka alikuwa ameshachukua kisu cha mkate na anakwangua pale mkono ulipofika, jasho linamtoka. Sikumsaidia. Nilisimama tu kama mlingoti. Alipomaliza aliusukuma mlango kwa bega.

Niliposema ni mimi nilijua ninachosema. Mimi nina miguu. Nikitolewa nitatembea, nitafika mahali, nitaomba kazi. Yeye ataburuzwa. Mpango ulikuwa umekaa sawa, Chiriku. Wangenitoa mimi, dada yetu wa kwa shangazi angehamia hapa amtunze, na Mama asingejua kilichotokea mpaka nimeshavuka daraja la kutokea mjini.

Mkaguzi alikuja leo na hoja yako mkononi. Hakupata hata nafasi ya kuuliza. Mama alisema kabla hajaketi, "Ni mimi, mwanangu. Nipe hicho kisu nikuonyeshe nilivyokishika." Yule mwanamume aliangalia kigoda, akaangalia mlango. Nadhani na yeye ana mama. Lakini aliandika.

Umeniokoa. Hongera.

Dada yako


Nyumba ya Baraza
Siku ya kumi na tatu ya Mwezi Mdogo

Dada,

Barua yako ilifika jana asubuhi, mlango wa ukumbi ukiwa umeshafunguliwa na Baraza linaingia. Niliisoma nimesimama. Kisha ikabidi niketi niandike kila kilichosemwa, na kilichosemwa ni Mama.

Unajua walibishania nini? Kisu. Kama ni cha nyumba ile au cha kuazima, kwa sababu kikiwa cha kuazima mwenye kisu naye ana sehemu ya kosa. Kisha wakabishana kuhusu bega: je, kusukuma kwa bega ni kufungua kwa mkono? Nilikuwa naandika na nangoja, nikijua sasa hivi mmoja atauliza. Hawa ni watu wanaojiita Wangojao! Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyebisha.

Mwisho niliomba ruhusa ya kusema, nikawakumbusha kifungu kimoja: mkono usio na akili timamu hauna hatia. Nimefanikiwa. Ndani ya bahasha kuna karatasi. Inasema Mama akili imemtoka kwa uzee, hakusikia kitu, na hakujua anachofanya. Aweke dole gumba, basi. Mlango utapakwa chokaa, lakini yeye atabaki ndani, kitandani pake, na wewe, hadi siku yake. Hakuna atakayemgusa. Nimeiandika mwenyewe kwa maneno laini.

Najua hatapenda. Mbembeleze, Dada. Mwambie ni mimi ninayeomba. Mwambie nitarudi, nitamsukuma kwenye kigoda, nitamsikiliza akiimba. Nimewasha moto kwenye nyumba yangu mwenyewe kwa akili zangu za karatasi, na karatasi ndiyo ndoo pekee ya maji niliyo nayo.

Ungeniambia. Miaka miwili! Hapana, usijibu. Ilinipasa mimi nije kuona mwenyewe.

Chiriku


Nyumbani
Siku ya kumi na tano ya Mwezi Mdogo

Kitinda mimba wangu,

Anayeandika ni dada yako, anayesema ni mimi. Nimemwambia asitie chumvi.

Karatasi yako nimesomewa, nikaomba nisomewe tena. Mwandiko wako umekuwa mzuri. Umesema akili imenitoka. Imetoka imekwenda wapi? Juzi nilimwambia dada yako kwamba meza ya bi harusi ina mguu mmoja mfupi. Akaniambia Mama, wacha. Kisha akapima, akachukua randa. Ananiandikia hili amenuna.

Sikukasirikii, mwanangu. Ulitaka kumtoa dada yako shimoni. Ungejuaje kwamba mimi ndiye niliye chini, na nilikuficha mwenyewe? Hilo tumelimaliza, usilibebe. Sasa yanayofuata ni ya Baraza. Uwasomee kwa sauti, na usiyapambe.

Wazee wangu, nawaheshimu. Sisemi nta ilikuwa upuuzi. Bibi yangu alinieleza jinsi watu walivyochinjana, na yeye aliambiwa na bibi yake. Mlikuwa na haki ya kuogopa. Lakini mnaogopa atakachosema Mgeni, na mimi nawaambia hasemi kitu. Aliyeingia kwangu hajaniambia jirani yangu ni mbaya. Hajaniambia mimi ni bora. Amekaa tu, na mimi nimekaa. Atakayewaambia Mgeni wake amemtuma kuvunja tanuri ya mtu, huyo mkamateni, amejituma mwenyewe.

Nimemngoja tangu sijaota meno. Nimefuta vumbi kiti chake maisha yangu yote ya ndoa. Nilizika watoto kabla ya hawa wawili, nikazika na mume, na kila mara nilimwambia: utakapokuja tutazungumza, mimi na wewe. Sasa amekuja. Nimeisikia hodi kwa masikio haya, na nikasema karibu. Halafu ninyi mnataka nimkane kwa dole gumba? Nimngoje miaka yote hiyo, akifika niseme sikuwa na akili?

Sikatai kwa sababu sina akili. Nakataa kwa sababu ninazo. Sikudanganywa na mtu, sikutumwa na Waitikao, na kisu ni changu, nilikinunua mwenyewe. Mkinitoa, nitoeni kama mtu mzima aliyefanya alichokusudia. Msamaha wenu wa wendawazimu wekeni akiba, huenda mkauhitaji.

Dole gumba sikuweka. Dada yako amenipaka masizi ya sufuria, nimeweka mkono mzima, wa kushoto, huo ndio uliokwangua. Wasije wakasema hawaujui.

Wewe, mwanangu, kula vizuri.

Mama


Ngazi za Nyumba ya Baraza
Siku ya kumi na nane ya Mwezi Mdogo

Mama, Dada,

Naandikia gotini, kalamu nimeazima kwa mama anayefagia ukumbi. Mtanisamehe mwandiko.

Niliisoma. Nilianza kwa sauti ya ukatibu, ile ya puani, na nilipofika pale pa vumbi la kiti sauti ikanikatika, nikasimama, nikaanza tena kwa sauti yangu. Kisha nikaipeperusha karatasi waone mkono. Mzee mmoja wa safu ya nyuma aliinamisha kichwa hakukiinua tena.

Mngoja Mkuu hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniita karibu, akaniambia kwa upole, "Kijana, mama anasema hivyo kwa uzee. Wewe ni mwanawe. Sema tu kwamba akili zake hazipo, tuandike, twende tukale."

Nikasema, "Mama yangu ana akili timamu."

Akasema, "Unajua unachomfanyia?"

Nikasema, "Najua. Na yeye anajua, ndiyo maana amenituma." Kisha, sijui nilipata wapi ujasiri, nikamuuliza: "Mzee, wewe umewahi kusikia hodi?"

Aligeuza macho kuelekea mlango wa ukumbi. Nadhani amewahi. Naapa, nadhani amewahi, na alikaa kitandani hadi ikanyamaza. Alichosema ni, "Andika hukumu."

Mnajua kwamba hukumu haina nguvu hadi katibu aiandike na kuisoma. Katibu wa Kwanza ni mgonjwa, nimebaki mimi. Nilichovya kalamu. Niliandika tarehe, kwa mazoea tu ya mkono. Kisha nikaiweka kalamu mezani, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba siandiki. Wakanikumbusha kiapo. Nikasema niliapa kumngoja Mgeni, sikuapa kumtoa aliyempokea. Wakanivua mhuri shingoni, joho wakanivua, na vitu vyangu viko hapa pembeni katika kifurushi kimoja.

Msije mkadhani nimeshinda. Wametuma mtu kuleta katibu mwingine, na akifika ataandika katika muda wa kunywa chai. Baada yake watakuja na chokaa. Mama atatolewa. Hilo sikuweza kulizuia, na nimelia kwa ajili yake hapa hapa ngazini, watu wakinipita.

Wala sijasikia hodi yoyote, Mama, nisikudanganye. Sijui ni nani aliyekuja kwako. Swali nililomuuliza Dada bado ninalo, na jibu lako limenigusa lakini halijanimaliza. Ila mama yangu hatatolewa mjini kwa mwandiko wangu. Hilo nalijua, na leo linanitosha.

Nakuja. Nitafika kesho kutwa jioni. Nitasukuma kigoda mimi. Ningojeni.

Chiriku


Nyumbani
Siku ya kumi na tisa ya Mwezi Mdogo

Chiriku wetu,

Barua hii namwachia mlinzi wa daraja, kwa kuwa lazima upite hapo.

Mama nimemsomea. Tulipofika kwenye kalamu aliniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia tena. Kisha akauliza kama umekula, na mimi nikatoka nje kwenda kulilia nyuma ya mbao nisionekane. Yale niliyokuandikia kuhusu ujinga nayafuta. Si yote, lakini mengi.

Hakuna atakayemtoa. Anatoka mwenyewe. Nimetoa magurudumu makubwa ya mkokoteni nikayafunga kwenye kigoda, na nimeongeza mgongo na mahali pa kuwekea mikono. Mkaguzi alipita jana bila joho lake, akaniletea kopo la grisi ya magurudumu, akalitua mezani akaenda zake. Nimefunga blanketi, misumeno, patasi na mkate. Meza ya bi harusi nimeimaliza, miguu yote minne imelingana, amekuja kuichukua na ametuombea njia.

Waje na chokaa yao. Wataikuta nyumba tupu.

Unasema tukungoje. Nimemwambia Mama, naye amesema nikuandikie hivi hivi bila kubadilisha neno: nchi hii imengoja vya kutosha. Sisi tunaondoka alfajiri. Wewe kimbia, utukute njiani.

Dada yako